Kupe wa Dizeli

Mdogo wangu wa kiume alipata leseni ya udereva kabla hajajua kuendesha. Alikuwa anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, miaka ile ambayo biashara ilikuwa imefunguliwa na kila aliyekaa karibu na mlango alikuwa akinenepa. Yeye alinenepa shingo. Desemba moja alikuja na basi, akanifuata sokoni Himo nilikokuwa nashusha mchele wa Mabogini kutoka kwenye pikapu yangu, na hata salamu hakuimaliza.

"Dada, twende mjini ukanijaribie gari."

"Gari gani?"

"Ukiliona utanyamaza."

Sikunyamaza. Gari lilikuwa kwenye yadi moja pale Moshi, limewekwa peke yake kivulini kama maiti ya mtu mkubwa. Jeusi, refu mbele, fupi nyuma, milango miwili tu. Muuzaji alikuwa bwana wa makamo mwenye miwani ya jua na viatu vyenye ncha. Alimshika mdogo wangu mkono, akamwita bosi, kisha akanifungulia mimi mlango wa abiria.

"Anayeendesha ni mimi," nikasema.

Akaitazama kanga yangu, akatazama pumba za mchele miguuni mwangu, halafu akamgeukia mdogo wangu kama anayeomba ruhusa. Mdogo wangu akacheka kile kicheko cha mtu anayemwonea aibu ndugu yake.

"Mpe tu ufunguo. Dada ni dereva."

"Sawa, bosi. Hii inaitwa kupe, ndivyo wanavyoita gari la milango miwili. Kupe ya Kijerumani. Ni dizeli, lakini siyo dizeli ya malori. Hii ni dizeli ya kistaarabu."

Nilikuwa nimeishi na dizeli miaka mingi, imeninukia kwenye nguo za kanisani, na ustaarabu wake sikuwahi kuuona. Nikawasha. Ilikuwa ileile, ila imefunikwa vizuri isisikike.

Muuzaji alijikunja akaingia kiti cha nyuma, magoti yakamfika kidevuni, na kutoka huko akaendelea kusifu nafasi.

Siwezi kusema gari halikwenda. Tulipouacha mji nikakanyaga mafuta, likajikusanya kimya kimya, kisha likanisukuma mgongo kama dume la ng'ombe linavyosukuma mlango wa zizi. Usukani ulikuwa unasikia mkono kabla mkono haujaamua. Nilifurahi, na ile furaha ilinikera, kwa sababu mdogo wangu aliiona.

"Nilikwambia," akasema.

Tulipofika Himo tukakata kushoto kupanda mlima. Pale njia ya nyumbani inapoacha lami nikasimama.

"Tunarudi. Njia yetu ina tuta katikati. Hiki kitu kitalalia tumbo."

"Wazee lazima walione, dada. Panda."

Muuzaji, ambaye dakika chache nyuma alikuwa anasema gari hilo halijui barabara mbaya, sasa alikohoa na kusema labda wazee wangeweza kushuka wao. Mdogo wangu hakumsikiliza. Nikapanda polepole, tairi za upande mmoja juu ya tuta, nyingine kwenye majani kando ya mfereji, na mara mbili tulisikia chuma kikikwaruzwa. Kila mara muuzaji alivuta pumzi kama aliyechomwa sindano.

Mama alikuwa anakatakata migomba ya ng'ombe. Tukamwamkia, akajifuta mikono, akalizunguka gari taratibu kwa lile goti lake lililokuwa limevimba tangu masika.

"Linaitwaje?"

"Kupe, mama," muuzaji akajibu kwa fahari.

"Kupe?" Mama akamtazama ng'ombe wake, akamtazama yule bwana. "Na wewe unawauza?"

Nilicheka peke yangu.

Nilikuwa namsubiri baba. Baba alikuwa mkali wa maneno, na katika moyo wangu nilikuwa nimeshampa kazi ya kumshusha mtoto wake. Lakini baba alitoka ndani akasimama, mdomo wazi. Zamani, kahawa ilipokuwa na bei, alikuwa mjumbe wa chama cha ushirika na watu walisimama njiani kumwamkia. Bei ilipoanguka waliacha kusimama. Sasa alilishika lile gari kwenye boneti kwa viganja vyote viwili. Akarudi ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la Jumapili na kofia.

"Nipelekeni kanisani," akasema.

"Leo hakuna misa, baba," nikamwambia.

"Nimesema nipelekeni mpaka kanisani na kurudi."

Mama naye akavua aproni. "Na mimi nitaingilia wapi?"

Hapo ndipo walipokumbuka kuwa ana miguu. Muuzaji akakunja kiti cha dereva, akamwonyesha mwanya wa kupita. Mama akainamisha kichwa, akaingiza mguu mmoja, akajaribu kuukunja ule mwingine. Goti likakataa. Akabaki hivyo, nusu ndani nusu nje, ameshika mkanda wa kiti, mpaka nilipomshika kiunoni nikamtoa.

"Mama atakaa mbele," nikasema. "Baba akae nyuma."

Baba alikuwa ameshakaa mbele. Ameshafunga na mkanda. Alitazama kioo cha mbele kana kwamba sisi hatupo. Nikamgeukia mdogo wangu.

"Sema kitu."

"Mama atapanda siku nyingine," akasema, akijipenyeza nyuma. "Si ndiyo, mama?"

"Nendeni tu," mama akasema.

Niliwatazama wote wawili, mzee na koti lake, kijana na shingo yake, na nikawaona wamefanana kuliko nilivyowahi kuwaona. Nikamtupia muuzaji ufunguo.

"Endesha wewe. Mimi nimeshalijaribu."

Hawakufika mbali. Kwenye kona ya mfereji gari lililalia tuta, tairi zikazunguka hewani. Kutoka uani tulimsikia baba akiwapigia kelele majirani waliokuja kusukuma, kwamba wasiguse rangi kwa mikono yenye udongo. Watu wale walikuwa wametua mizigo yao ya majani ili wamsaidie.

Mdogo wangu alilinunua. Krismasi aliliegesha kule chini kwenye lami, mbele ya duka, akapanda nyumbani kwa miguu, viatu vyake vikiwa na matope hadi kwenye kamba. Asubuhi ya sikukuu baba aliteremka naye ili wafike kanisani kwa gari, wakizunguka njia ndefu kwenda mahali ambapo kwa miguu ni karibu.

Mama nilimpakia kwenye pikapu. Nilimwekea kigoda akapanda bila shida. Njiani nilimwambia yote niliyofikiri juu ya wanaume wale wawili na lile dude lao, na sikuchagua maneno. Alinisikiliza mpaka tukalikuta limeegeshwa mlangoni mwa kanisa, watu wamelizunguka, baba amesimama kando anaeleza habari za dizeli.

"Lakini linang'aa," mama akasema, akajifunga vizuri kitambaa chake, na kuniomba nimshushe karibu nalo.