Mpaka Kuku Waishe

Kitunguu swaumu kikishapondwa hakikuachi. Unanawa kwa sabuni, unanawa kwa ndimu, ukienda kulala unakikuta kimekutangulia kitandani. Kila ninaposhika mchi hapa Mapinga, kwenye banda langu la kuku wa nyama, harufu ile hunirudisha mwaka aliofariki mama. Nilikuwa binti niliyeachia shule njiani, na wadogo zangu wawili, Salehe na Tatu, waliniangalia usoni kila asubuhi kujua kama uji upo.

Baba alikuwa ametangulia kitambo. Mama alituachia nyumba ya tofali isiyopigwa lipu, mti wa mlonge uani, na banda lenye vifaranga ambao hata manyoya hayajawakaa sawa.

Mama alikuwa na mambo yake kuhusu kuku. Majani ya mlonge aliyaanika kivulini. Alisema jua likiyapata linayala kabla ya kuku. Yakikauka aliyatwanga, akayachekecha, akatia kidogo kwenye chakula ili kuku wakue vizuri. Kitunguu swaumu alikiponda jioni na kukiloweka, asubuhi akakichuja kwa kipande cha kanga na kuwachanganyia kwenye maji ya kunywa, wapate kinga. Siku za baridi aliongeza binzari manjano. Lakini chanjo hakuiruka hata mara moja. "Chanjo ndiyo mlango," alikuwa akisema, "mlonge ni ukuta. Nani analala nyumba isiyo na mlango?" Salehe yeye alisema kuku wetu ndio pekee wanaotiwa viungo vya pilau wakiwa bado hai.

Baada ya hitma ya siku ya tatu, wakubwa walikaa barazani. Mimi nilikuwa ndani napanga vikombe, nikasikia yote. Baba Mkubwa, kaka yake baba, mtu wa Chalinze ambaye neno lake likitoka halirudi, alisema nyumba haiachiwi watoto. Salehe ataondoka naye. Tatu atapelekwa Tanga kwa ndugu wa mama. Mimi nitakwenda mjini Bagamoyo kwa Shangazi, dada yao, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga.

"Sawa, kaka," alisema Shangazi. "Na kuku wa marehemu je? Kuwauza wakiwa hivi ni kuwatupa. Ngoja waishe kwanza."

"Basi wakiisha, watoto wanaondoka. Tumeelewana?"

Baraza zima likaitikia inshallah.

Hapo nikapata akili yangu ya kitoto. Nilijiambia kuku hawa wakinenepa, asife hata mmoja, Baba Mkubwa ataona kwamba mimi naweza kulea, na atatuacha tulivyo. Nikawatunza kama mtu aliyeweka nadhiri. Nilitwanga mlonge mpaka viganja vikawa vya kijani. Tatu aligoma kulala karibu yangu. "Dada unanuka mchuzi," alisema, akageukia ukutani. Na kuku walikua kweli: vifua vipana, macho makavu, miguu ya manjano iliyokanyaga maranda ya mbao sakafuni kwa kishindo.

Walikuwa wamekaribia kuuzwa Shangazi aliposhuka kwenye bodaboda na boksi lenye matundu, na ndani yake kelele nyembamba za vifaranga wa siku moja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Pokea wageni hao, wana kiu."

Sikulipokea. Katika kanuni zote za mama, hii ndiyo ilikuwa kubwa: vifaranga hawaingii mpaka wakubwa wote watoke, banda lifagiliwe, lipigwe chokaa, lipumzike. Kuku mkubwa anaweza kubeba ugonjwa asiumwe yeye, akamuua mdogo.

"Wakubwa bado wamo, Shangazi. Mama alikataza kuwachanganya."

"Najua alikataza."

"Sasa? Vifaranga si mitumba, kwamba ukiiona unabeba tu."

"Mdomo huo ni wa mama yako mtupu," alisema akicheka, akaliweka boksi miguuni pangu. "Haya, washa mkaa. Na kile kitunguu chako usikionee huruma."

Nililia nyuma ya banda. Niliona Shangazi anaichezea nafasi yetu ya pekee. Kisha nikafuta machozi, maana vifaranga hawangoji mtu amalize kulia. Niligawa banda kwa viroba vilivyoshonwa pamoja, nikaweka chokaa mlangoni ya kukanyaga. Kila asubuhi nilihudumia wadogo kwanza, wakubwa baadaye, nisiwapelekee wadogo uchafu wa wakubwa. Hata hivyo wiki ya pili walianza kuzubaa, mbawa zimelegea. Wengine walikufa. Nikazidi na maji yangu ya kitunguu, nikabadilisha maranda, nikakesha na joto lao. Sijui kilichosaidia ni kipi, lakini wengi walisimama.

Baba Mkubwa alikuja kuku wakubwa wakiwa wameshauzwa. Aliinama, akachungulia ndani ya banda, akakaa ameinama muda mrefu.

"Mbona wapo?"

"Wapo, kaka," alisema Shangazi. "Bado hawajaisha."

Aliguna, akanywa chai, akarudi Chalinze. Nilimsindikiza barabarani nikiamini kwamba amewaona wale vifaranga wanyonge na amenishusha daraja, na kwamba safari ijayo atakuja na begi la Salehe mkononi.

Safari iliyofuata alikuta vifaranga wengine. Na nyingine hivyo hivyo. Kila kundi likikaribia kuisha, Shangazi alitokea na boksi, nami nilinung'unika, nikashona viroba, nikaponda kitunguu. Salehe akamaliza shule. Tatu akawa mrefu kunipita.

Tatu alipoolewa, kuku wote waliingia kwenye pilau ya harusi. Kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke, banda lilikuwa tupu. Baba Mkubwa, sasa mzee wa mkongojo, aliinuka mkekani taratibu, akaenda kuchungulia kama kawaida yake.

"Leo wameisha," alisema.

"Wameisha, kaka," akajibu Shangazi. "Haya, chukua watoto wako."

Baba Mkubwa alimtazama Salehe na ndevu zake, akamtazama Tatu na hina yake, akacheka mpaka akakohoa. "Ulidhani sijui? Nilijua tangu lile boksi la kwanza. Lakini nilishatoa neno mbele ya watu. Kila nikija huku, njia nzima naomba nikute vifaranga."

Nilikuwa nimesimama na sinia mkononi. Miaka yote nilidhani nawanenepesha kuku ili tubaki, kumbe tulibaki kwa sababu hawakuisha. Shangazi alivunja kanuni kubwa ya mama akijua wazi anavunja nini, akaniachia mimi na mlonge na kitunguu tuwalinde vifaranga aliowaingiza hatarini. Hakuniambia kwa nini. Labda aliona mtoto mwenye mzigo kama wangu haongezewi siri.

"Sasa lipige chokaa," aliniambia jioni ile. "Liache lipumzike, na wewe pia."

Nililipiga. Siku iliyofuata niliamka kama kawaida, na nilikuwa nimeshaponda kitunguu swaumu chote, na kitambaa cha kuchujia kipo begani, nilipokumbuka kwamba hakuna wa kumnywesha.