Nyota ya Kijani ya Baba

Mimi nakusanya beji za Kiesperanto, na kabla hujacheka, jua kwamba Masasi nzima imeshacheka. Ni vibati vidogo vya zamani vyenye nyota ya kijani, vya kuchomeka kwenye ukosi wa koti. Navitafuta kwa simu kwa watu wa mbali, vinakuja kwa posta, navipanga kwenye boksi la viatu. Lugha yenyewe ilitungwa Ulaya na daktari wa macho, ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane bila mmoja kumlazimisha mwenzake lugha yake. Nyota ilikuwa alama: ukimwona mtu kaivaa, unamsogelea, unamsemesha. Baadaye zikaja tawala zilizowakamata wasemaji wake, na watu wakaificha. Ndiyo maana beji iliyochubuka rangi hunifurahisha kuliko inayong'aa. Najiuliza ilifichwa mfuko wa nani.

Ya kwanza ilikuwa ya Baba. Alikuwa mwalimu Lulindi, akajifunza lugha hiyo kwa vitabu na barua, na rafiki yake wa barua akamtumia nyota. Aliivaa kila alipokwenda mjini Masasi, stendi na sokoni, akitumaini mtu atamsogelea. Waliomsogelea walimuuliza ni beji ya chama gani. Nyumbani alitaka kutufundisha, Mama akagoma: nyumba ina Chimakonde, Emakhuwa, Kiswahili na Kiingereza cha shule, hiyo ya tano italala wapi? Basi Baba akazeeka bila kuisikia lugha ile kinywani mwa mtu mwingine hata mara moja. Aliponipa beji alisema hilo tu ndilo lililobaki moyoni mwake. Mimi nikaitunza beji, nikaiongezea wenzake, nikaona nimeshamtendea haki.

Msimu uliopita wa korosho nilipanda hadi Chilangala, Baba anakoishi sasa kwa dada yake, nikiwa na boksi langu ili nimwonyeshe nyota mpya. Uani nilimkuta binamu yangu, binti wa shangazi, ananyofoa korosho kwenye mabibo. Kwetu binamu ni mtani: mnaitana mume na mke, na akichukua chako hukasiriki, unakikomboa. Alifuta mikono, akafungua boksi, akaichagua ile ile ya Baba na kuichomeka kwenye kilemba chake.

"Mume wangu, hii imenipendeza."

Nilitaka kumpokonya, lakini nikatabasamu hivyo hivyo. Nikamwahidi kuku ili anirudishie.

"Kuku ninao. Msalimie Mjomba kwa lugha yake, hapa hapa, mbele ya watu. Mimi ndiye ninayempikia uji, najua anachokitaka. Wewe unamletea vibati."

Neno hilo liliniuma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Nikaenda nyuma ya nyumba na simu, nikasikiliza jinsi ya kutamka, nikarudia na kurudia mpaka mbuzi wakaacha kunishangaa. Kisha nikaenda kusimama mbele ya Baba, kibarazani alikokaa na Shangazi.

"Saluton, patro," nikasema, yaani salamu, baba.

Baba alikunja uso. Nilidhani nimetamka vibaya, nikaanza kutafuta pa kutazama.

"Kwanza shikamoo," alisema. "Hata kwa lugha hiyo mimi ni baba yako."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Baba yeye hakucheka. Alinishika mkono, akaanza kuzungumza lugha ile, taratibu kwanza, kama mtu anayepita njia aliyoiacha siku nyingi, kisha kwa kasi, machozi yakimlengalenga. Sikuelewa hata neno. Niliitikia kwa kichwa tu, na sijui kama nimewahi kumpenda kama nilivyompenda saa ile. Mwisho sauti yake ikapanda, akanitazama. Alikuwa ameniuliza swali.

Binamu yangu akaja, akaichomoa nyota kilembani, akaichomeka kwenye shati la Baba.

"Mvumilie, Mjomba. Ndiyo kwanza anaanza kujifunza."

"Kusubiri nimezoea," Baba alisema, bado kanishika mkono. "Ila usikawie."