Kidoti cha Upande wa Pili

Fundi cherehani aliyeitwa Viraka hakujua kutupa kitu. Zipu iliyokatika meno, kifungo kilichopoteza wenzake, kitambaa kisichotosha hata kiganja, vyote viliingia ndoo iliyokaa chini ya cherehani, na akipata nafasi alivibandika vikawa picha za nyuso za watu. Wateja walimtania kwamba ndiyo maana suruali zao zilirudi fupi.

Mkahawa mpya ulipokaribia kufunguliwa ndani ya jumba la zamani la sinema, mwenye mkahawa alimwagiza picha kubwa ya nyota mmoja wa filamu za enzi hizo. Viraka alifurahi hadi akakosea kukata kola ya mteja. Tangu aanze, hakuna picha yake iliyowahi kutundikwa nje ya chumba chake. Alipoulizwa kama anahitaji mfano wa kuigia, alikataa. Mfano wa nini? Mama yake alikuwa mfagiaji wa jumba hilohilo, na yeye utotoni alimtazama yule nyota mpaka akamhifadhi kichwani.

Akagandisha magazeti makuukuu kwenye ubao, akapaka uso rangi ya waridi iliyokolea na midomo ya manjano. Nyusi zikawa zipu, nywele zikawa mkanda wa filamu uliookotwa stoo. Mwisho akabandika kifungo cheusi kwenye shavu la kulia. Hicho kilikuwa kidoti, na bila kidoti nyota yule si yeye.

Mwenye mkahawa akaja na bango la zamani mkononi. Uso wa waridi aliupenda, nyusi za zipu zilimchekesha, lakini kwenye bango kidoti kilikuwa shavu la kushoto. Akaliacha bango hapo, akasema kidoti kihamishwe kabla ya siku ya ufunguzi, la sivyo picha hataichukua.

Kukihamisha ni kazi ya dakika moja, na mtu mwingine angekihamisha akaenda zake. Lakini Viraka alipenda kujua kuliko kula. Amekoseaje kitu alichokiona mara zote hizo? Aliligeuza bango huku na huku, akaapa kwamba ndilo lililokosewa. Ndipo alipopita nalo mbele ya kioo cha wateja kujipimia, na humo kidoti kikawa kulia. Akaacha cherehani wazi, akaenda kwa mama yake, aliyekuwa akikunja nguo.

"Mama, kule sinema ulikuwa unanikalisha wapi?"

"Viti maalumu," mama akajibu bila kuinua kichwa.

"Viti hivyo vilikuwa upande gani wa lile pazia la kuonyeshea filamu?"

Mama akaliweka shati chini.

"Nyuma," akasema. "Mbele ni kwa wenye tiketi. Kila siku nilikuwa naogopa utaniuliza mbona maandishi yanakwenda kinyume."

"Nilikuwa sijui kusoma, Mama."

"Ndiyo maana ulipoanza shule nikaacha kukupeleka."

Viraka alikuwa ameishi miaka yote akidhani alinyimwa sinema kwa utundu. Alikaa kitandani, akazikunja zile nguo zilizobaki kwa sababu hakujua mikono aifanyie nini.

Kesho yake alimrudishia mwenye mkahawa bango, akamwuliza pazia la sinema lilining'inia wapi. Kulabu zake bado zilikuwapo darini. Viraka akapita chini yake mpaka ukuta wa nyuma, akamwambia aitundike picha hapo, na kidoti kisiguswe, kwa maana waliokaa huku ndivyo walivyomwona. Akamweleza na waliokaa ni akina nani. Mwenye mkahawa alijikuna kichwa, akalitazama bango lake, kisha akaenda mwenyewe kuleta nyundo.

Siku ya ufunguzi mama alikuja amevaa viatu vyake vya heshima. Mwenye mkahawa akamvutia kiti mbele kabisa ya picha. Mama akaitazama muda mrefu, na Viraka, roho juu, akamwuliza kama imefanana.

"Nitajuaje, mwanangu? Mimi nilikuwa nasimama mlangoni, namwangalia meneja asije akakukuta."

Viraka akamtengenezea mtandio begani.

"Basi tazama, Mama," akasema. "Leo mlangoni nasimama mimi."