Matairi ya theluji kutoka Ulaya yalivyoninyang'anya ufunguo wa gari, hapa Bukavu

Habari zenu wakuu, na dada zangu wachache mliojificha humu jukwaani.

Ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Mnivumilie na Kiswahili changu, niko Bukavu, Kongo, na huku tunakichanganya na Kifaransa tangu tukiwa shuleni. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Mengi ninayoyajua kuhusu magari nimeyaokota kwenu, kwa hiyo hasira zangu pia nimeona nizilete hapa hapa.

Gari lenyewe ni haibridi ya familia, usukani kulia kama ya kwenu, ingawa sisi tunapita upande wa kulia wa barabara. Lilinunuliwa kwa ajili yangu. Mume wangu tumwite Papa Grâce, kwa jina la binti yetu wa kwanza, kama mtaa mzima unavyomwita. Yeye hakulipenda. Ana pikipiki yake, na alisema gari lisilonguruma ni bubu.

Mimi nililipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Natoka asubuhi bila kuamsha jirani, nawaacha watoto shuleni, naenda ofisini. Siku za kliniki nampeleka mama mkwe hospitali kwa ajili ya presha. Watoto wanamwita Koko, yaani bibi, na sisi wakubwa tumefuata. Tulimtoa kwake Nyangezi baada ya kufiwa na baba mkwe, tunaishi naye. Koko alikuwa akisali rozari humo ndani ya gari tangu tunatoka mpaka tunafika. Alisema ndilo gari pekee ambalo Mungu anamsikia vizuri.

Ufunguo ulikaa kwenye mkoba wangu. Shikeni hilo, maana uzi wote unahusu ufunguo huo.

Sasa twende kwenye matairi.

Yaliyokuja na gari yakaisha. Mji wetu ni milima mitupu, ukishatoka Kadutu hakuna hatua ambayo hupandi wala hushuki, na mvua ikiamua kunyesha hainyeshi kwa utani. Nikasoma nyuzi zenu nikaelewa mambo. Haibridi ina betri, ina uzito wake, inataka tairi linalobeba huo uzito. Inataka tairi linalobingirika kwa wepesi, la sivyo ule unafuu wa mafuta unaosifiwa hauuoni. Na kwa mvua ya kwetu, tairi liwe na mifereji mizuri ya kutoa maji.

Nikaenda dukani Nyawera na Papa Grâce. Nikayapata: mapya, ya barabara ya kawaida, 195/65 R15, yote manne ya aina moja. Niliuliza maswali yangu yote, na muuzaji alijibu kila swali akimtazama mume wangu. Nilishazoea. Nikamwomba atuwekee mpaka Jumamosi.

Jumamosi haikufika, wakuu.

Papa Grâce ana kaka yake mkubwa Ubelgiji. Nyumbani wanamwita Grand, yaani mkubwa, nami namwita hivyo hivyo. Grand ndiye anayetuma dawa za Koko, na hilo namshukuru kwa moyo wote, msije mkasema mimi ni mtu wa kubeza. Lakini mtu anayetuma dawa huku kwetu anapewa na usukani wa mambo mengine yote. Rangi ya geti aliichagua yeye. Shule ya watoto wangu nusura aichague yeye.

Grand kusikia habari ya matairi, akasema tusinunue kitu. Alikuwa ameuza gari lake, akabaki na matairi manne ya akiba, saizi ile ile. Akayatia kwenye kontena la rafiki yake. Likapita Dar, likakatiza Rwanda, likaingia kwetu kwa mpaka wa Ruzizi. Muda wote huo mimi naendesha kwa vipara, yale yale yaliyoisha.

Yakafika. Papa Grâce akayapanga uani kama anauza. Yalikuwa na meno marefu kweli, yamejaa vijimikato. Nikachuchumaa kuyasoma ubavuni. Nikaona alama ya kilima, na ndani ya kilima kuna ua la theluji.

Mnajua nilichokiona. Kwa wasiojua: hayo ni matairi ya baridi kali. Mpira wake ni laini makusudi, ili usigande kwenye barafu. Kwenye lami ya joto unakuwa laini kupita kiasi, unachezacheza, unalika haraka, na ukifunga breki gari linachelewa kusimama. Bukavu hakuna barafu, labda ile ya kwenye friji siku ambazo umeme upo.

Nikamwambia. "Papa Grâce, hizi ni pneu za neige. Haziko za huku." Yaani matairi ya theluji.

Akacheka. "Maman Grâce, watu wa Bulaya njo walitengeneza gari. Wewe utawafundisha pneu?" (Njo ni "ndiyo" ya huku kwetu.)

Akampigia Grand na kumweka kwenye spika. Grand hakukasirika, alinifundisha taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Maman Grâce, angalia vizuri kwa pembeni. Unaona M? Ile M ni boue. Matope. Huko kwetu hakuna matope?"

Ni kweli, M ni matope. Na S inayofuata ni theluji, lakini hiyo hakuisoma. Nilipoanza kuieleza akaniuliza watoto hawajambo.

Tukaenda kwa kwado, ndivyo tunavyomwita fundi wa matairi. Nilitumaini yeye atanisaidia. Alipiga tairi kwa kiganja akasema, "Eeeh! Hii njo pneu, maman. Angalia meno!" Basi kesi yangu ikafia hapo, mbele ya watu waliokuja kuziba pancha.

Grand aliomba picha ya gari likiwa limevaa. Picha ikaenda kwenye kundi la familia, wifi akapiga vigelegele kwa sauti ya WhatsApp, mjomba akaweka maombi ya baraka. Ningesema nini tena? Kukataa zawadi ya Grand ni kukataa dawa za Koko, hivyo ndivyo ingesomeka. Mimi nikaandika merci, asante, na kuweka viganja vilivyokutanishwa.

Kuanzia siku hiyo gari likawa na sauti. Linavuma, mfululizo, kama nyuki ndani ya boksi. Koko akaacha rozari akauliza, "Gari inalia nini?" Mafuta nayo yakaanza kupotea, nikawa naona mshale unashuka kabla ya wakati wake. Nikamwambia Papa Grâce, akasema ni mguu wangu mzito.

Nikapunguza mwendo. Niliendesha mpaka bodaboda wakawa wananizomea. Nafasi kati yangu na gari la mbele niliifanya mara mbili. Nilisema moyoni kwamba nitayamaliza haya matairi kwa upole, halafu nitanunua yangu.

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka hospitali, mimi na Koko peke yetu, nashukuru Mungu watoto walikuwa shuleni. Mvua ya mchana. Tunashuka mteremko wa lami kutoka Kadutu, polepole sana. Koko anasimulia maharage ya Nyangezi, jinsi mwaka huu yalivyooza shambani, amenigeukia, anaonyesha kwa mikono.

Mbele, lori likasimama. Mbali, wakuu. Ilikuwa mbali ya kutosha.

Nikakanyaga breki. Nikaisikia inatetemeka chini ya mguu wangu kama inavyotakiwa, na gari likaendelea kwenda. Halikuyumba, halikupiga kelele. Lilienda tu, kama vile halijaambiwa kitu.

Upande mmoja kuna kina mama wanauza sombe, yaani kisamvu, wamejikunyata chini ya mwavuli. Upande wa pili kuna ukuta wa mawe na mtaro. Nikauchagua ukuta.

Kina mama hawakuguswa. Mimi sikuumia. Koko alivunjika mkono.

Nililia barabarani bila aibu, huku nimeushika huo mkono wake, na yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza.

Koko aliporudi kutoka hospitali na plasta ngumu mkononi, ukaitwa mkutano wa familia sebuleni kwangu. Wajomba, wifi, na Grand kwenye spika juu ya meza. Nilieleza yote. Mwendo, umbali, breki, theluji. Nilisema kwa heshima, nikasema hata asante kwa zawadi.

Mjomba mmoja akasema, "Mwanamuke, mvua na mulima. Mambo iko wazi."

Wifi, aliyepiga vigelegele, akasema gari ni kitu cha kiume, tulikuwa tunamchezea shetani.

Grand akasema zile pneu yeye mwenyewe amezitembelea Bulaya kote, hazijawahi kumfanyia vile. Halafu akamuuliza mama yake. "Maman, alikuwa anakimbia?"

Nikamtazama Koko. Yeye alikuwapo. Macho yake yalikuwa wazi, alikuwa ananionyesha kimo cha maharage.

Koko akaitazama simu, siyo mimi. "Sijui, mutoto wangu. Nilifunga macho, nilikuwa nasali."

Sikumchukia. Dawa zake zinatoka kwenye ile simu, na mtu wa umri wake anajua anakula wapi. Lakini nililala na maneno yale kwa muda mrefu, na bado ninayo.

Na mume wangu? Yeye aliniona nikichuchumaa uani. Yeye alinisikia nikilalamika mafuta. Alikaa akitazama vidole vyake mpaka mkutano ukaisha, halafu akanyoosha mkono.

"Leta clé. Utapumuzika kwanza."

Nikafungua mkoba, nikampa ufunguo.

Gari likatengenezwa. Papa Grâce akaanza kuendesha, yeye aliyeliita bubu. Mimi naenda ofisini kwa pikipiki ya kukodi, na mvua ikinikuta naingia kazini nimelowa mpaka soksi. Jumapili tunakwenda kanisani sote, mimi nimekaa upande wa abiria.

Sasa sikilizeni.

Jumapili moja tunashuka, mvua inanyesha, na mimi nahisi kuna kitu kimepungua sijui ni nini. Mara Koko, huko nyuma, akaanza "Salamu Maria". Nikamsikia kila neno.

Gari lilikuwa kimya.

Wale nyuki hawakuwapo. Tulipofika uwanja wa kanisa nilijifanya nafunga kamba ya kiatu cha mtoto, nikachungulia. Matairi mapya. Ya barabara ya kawaida, mifereji mizuri, 195/65 R15. Ni yale yale ya Nyawera, wakuu, aina ile ile niliyoomba tuwekewe. Manne.

Hakuniambia. Misa nzima nimekaa naye benchi moja, akanipa na mkono wa amani.

Tuliporudi nikaingia stoo kama natafuta makaa. Yale ya Ulaya yapo, yamepangwa vizuri, yamefunikwa kwa turubai. Kila Grand akitaka picha, sasa ninajua, anatumiwa ile ya zamani.

Nilitaka kumuuliza siku hiyo hiyo. Nikangoja kidogo nione kama atasema mwenyewe, maana nilimpa hata nafasi, nilisema mezani, "Siku hizi gari inatulia." Akaitikia, "Iko bien," yaani iko sawa, akaomba sombe iongezwe.

Jioni Grand akapiga. Spika kama kawaida, Koko karibu, mimi natoa vyombo. Akauliza zile pneu zinaendeleaje.

Papa Grâce akajibu, na wala hakunikwepa macho.

"Ziko bien, Grand. Tangu mimi mwenyewe nianze kuendesha, hazijateleza hata siku moja."

Koko akacheka. Grand akacheka. Nilishika sahani mpaka nikahisi itavunjika mkononi mwangu.

Ndiyo hayo, wakuu. Ningekuwa na hasira kidogo kama angekuwa haamini nilichosema. Aliniamini. Aliniamini kiasi cha kwenda dukani kimya kimya kununua matairi niliyoyataka, siku ile roho iliyokuwa juu ya mteremko ilikuwa yake. Nilipokuwa mimi na mama yake, kilichokuwa muhimu ni Grand asinune.

Somo kwa wenye haibridi: usipokee tairi kwa sababu limetoka mbali na lina meno. Lisome ubavuni. Ukiona kilima na ua la theluji, na wewe unaishi mahali embe linaiva, mrudishie mwenyewe hata kama ni shemeji. Na usikubali sentensi ya "saizi inaingia". Hata kiatu cha mtu mwingine kinaweza kukuingia.

Somo lingine bado sijalipata. Nimechagua matairi vizuri, hayo ndiyo yananibeba kila Jumapili, na ufunguo uko mfukoni kwa mtu mwingine. Mngekuwa mimi, mngesema mbele ya Grand, au mngesubiri? Nasoma majibu yote, hata ya matusi.

Ila wewe kaka unayetaka kuniandikia kwamba wanawake na milima haviendani, anza kwa kutuambia ni matairi gani yako chini ya gari lako sasa hivi. Bila kutoka nje kwenda kuangalia.