Mjumbe Aliyekataa Kumuua Mfalme

Habari hii hamtaiamini, na wala sitawalaumu. Kijijini kwetu Petrovrisi mfalme alikatazwa kufa na muuza kahawa, mbele ya watu wote, siku ya kuamkia sikukuu ya Bikira Maria, huku mwalimu akijipiga makofi mapajani nyuma ya ukuta. Nilikuwepo. Nilikuwa mmoja wa wale wazee wa mji katika mchezo, ingawa wakati huo uzee ulikuwa bado haujanijua, na waliokuwepo watawaambia kwamba katika wazee watano sauti iliyofika mpaka kijiji cha pili ilikuwa moja tu, na mwenyewe ndiye huyu anayeandika. Lakini tuyaache yangu. Habari ni ya Vlasis, naye sasa hivi yuko ndani anasuuza vikombe, kwa hiyo tumseme kwa raha zetu.

Miaka hiyo kijiji kizima kilikuwa na simu moja, nayo ilitundikwa ukutani mgahawani kwa Vlasis muuza kahawa, baina ya sanamu ya Mtakatifu Nikolao na rafu ya kahawa. Nusu ya vijana wetu walikuwa baharini, nusu nyingine viwandani Ujerumani, na wote walirudi nyumbani kwa kupitia waya ule. Ikilia, karata zinalazwa mezani kifudifudi na hakuna anayemeza mate.

Kama ni heri, Vlasis hasogei mbali. Anatoka barazani, anaweka viganja mdomoni na kupaza sauti: “Evanthia, Argiris kafika salama, anasema soksi hazijafika!” Na Evanthia anamjibu kutoka juu kabisa, penye nyumba ya mwisho, kwamba soksi alizituma tangu Pasaka na aliyeziiba zimuote miguuni.

Kama ni msiba, hapigi kelele. Anafungua aproni yake, anaikunja, anaiweka kwenye kiti, anajaza gilasi ya maji, kisha anapanda nayo mtaani polepole mpaka mlango unaohusika. Hakuna aliyemfundisha. Mara ya kwanza aliona haya tu kuingia kwa wafiwa akiwa na madoa ya kahawa tumboni, na gilasi alidhani itahitajika. Ikahitajika. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi, na wanawake wetu madirishani wakaacha kumtazama Vlasis usoni. Wakawa wanamtazama kiunoni. Siku moja ya joto akavua aproni bila kufikiri, akashika gilasi ya maji akaenda kumwagilia mrehani wa shangazi yake. Nyumba ya kwanza aliyopita walifunga madirisha. Ya pili walifunika kioo, kama nyumba ya msiba. Ya tatu mama mmoja alikwisha kuanza kumlilia mume wake, na mume yuko chumba cha pili anakoroma. Baada ya siku hiyo Vlasis alikuwa akilala na aproni. Hilo la kulala nayo nimeongeza mimi, lakini angekuwa na busara angelala nayo.

Sasa, mwalimu wetu Leandros alikuwa na maradhi ya tamthilia za kale. Kila Agosti alitukusanya kwenye uwanja wa mawe wa kupuria ngano, juu kidogo ya mgahawa wa Vlasis, akatuvisha mashuka na kutufanya tulie. Mwaka ule alileta mchezo wa mfalme aliyemfukuza mwanawe kwa hasira. Kijana anapanda meli, baba anajuta, anakaa anamngoja. Mwishoni anakuja mjumbe kusema kijana amezama, mfalme anajichoma upanga, wazee wanalia, watu wanakwenda kula.

Nafasi ya mfalme alipewa Nikiforos mchinjaji, kwa ajili ya kifua. Ya mjumbe alipewa Vlasis.

“Naingia mara moja tu?” Vlasis akauliza siku ya kwanza ya mazoezi.

“Mara moja,” mwalimu akasema. “Unaingia, unasema, unatoka.”

“Na Nikiforos je?”

“Nikiforos yupo mwanzo mpaka mwisho. Ni mfalme.”

“Nikiforos anauza maini.”

“Usione wivu, kumbare,” Nikiforos akasema, akiliweka taji sawa. “Wewe njoo useme vijineno vyako urudi kwenye birika lako. Kazi ya kufa niachie mimi.”

“Utakufaje kama sijaja?”

“Kwa upanga. Huu hapa.”

“Huo unao tangu mwanzo na hufi. Unakufa nikifika mimi. Siku nisipofika utakaa hapo juu mpaka Krismasi, na mkeo atakuwa akikuletea supu.”

Wote tukacheka, isipokuwa mwalimu, ambaye alimkumbatia Vlasis na shuka lake. “Huyu peke yake ndiye aliyeuelewa mchezo,” akasema. “Mjumbe hauawi, sawa. Lakini yeye ndiye anayeua.” Kisha akapata wazo lililomfurahisha kuliko yote. “Siku yenyewe utakuja bila aproni, Vlasis. Na gilasi ya maji mkononi. Hapo hata mawe yatatoa machozi.”

Kule kumwita mwenzake kumbare si mzaha. Vlasis alimbatiza Argiris, mtoto wa pekee wa Nikiforos na Evanthia, na kwetu ukimshika mtoto wa mtu juu ya maji ya ubatizo, baba yake si jirani tena wala rafiki. Ni kumbare wako, na mama yake ni kumbara wako, na hiyo haina talaka. Argiris akipiga simu alikuwa na tabia ya kuzungumza na Vlasis kwanza, hata alipojua mama yake yumo mle mle mgahawani anasubiri. Kiangazi hicho alikuwa kwenye meli ya mizigo, huko pwani za Ureno.

Siku ya mchezo jua lilipoanza kulainika watu wote walikuwa wamekwisha kupanda uwanjani na mito yao ya kukalia. Evanthia alikaa mstari wa mbele na mfuko wa dengu za kukaanga, maana mfalme alikuwa wake. Mchezo ukaanza. Vlasis, ambaye zamu yake ilikuwa mwishoni, alishuka mara moja mgahawani kuchukua gilasi. Alikuwa bado hajavaa shuka. Ndipo simu ilipolia.

Sauti ilikuwa ya ofisi ya meli, kutoka bandari ya Pireo. Ilitaka kujua kama hapo ni Petrovrisi, na kama inaweza kupata familia ya Argiris. Vlasis akasema yeye ni familia. Sauti ikasema meli imezama usiku uliopita. Wapo waliookotwa na meli nyingine, wapo ambao hapana. Majina hayajafika.

“Yakifika mtapiga?”

“Tutapiga. Lakini iandae familia.”

“Niiandaeje?”

“Iandae tu, bwana,” ikasema, ikakata.

Haya nimeyapata kwake mwenyewe, na kwa mtu asiyependa kusimulia ilikuwa kazi kumtoa. Anasema mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe nyuma ya kiuno, ukashika fundo la aproni, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba fundo lile lilikuwa mikononi mwake yeye. Akilifungua, Argiris amekufa. Asipolifungua, je, amesema uongo? Majina hayajafika. Aproni haikuwahi kuvuliwa kwa kubahatisha. Mara moja tu, ya mrehani, na kijiji bado kilikuwa kinamkumbusha.

Tena palikuwa na jambo baya zaidi. Huko juu wazee wa mji walikuwa wanamaliza wimbo wao, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naimba mstari wa kumwita mjumbe. Maneno yaliyomngoja aliyajua usingizini, aliyafanyia mzaha kiangazi kizima akipanga vikombe: Mwanao yu chini ya maji, mfalme, na maji hayarudishi. Sasa akayaambia yapande mpaka ulimini, yakamkataa. Kumtamka mfu kijana ambaye labda hivi sasa anapumua, mbele ya baba yake, mama yake anatafuna dengu! Kwetu mtu hafanyi hivyo. Hata mtu asiyeamini chochote hafanyi.

Angeweza kukimbia. Akapanda, na aproni yake, gilasi ya maji mkononi.

Watu walipomwona hivyo wakaangua kicheko. Wengine wakapiga makofi. Mwalimu akatoa kichwa nyuma ya ukuta: “Aproni, mwanaharamu, vua aproni!”

Nikiforos hakuvunjika. Akanyoosha mkono kama mfalme wa kweli. “Mjumbe, miguu yako ina vumbi. Sema ulichokibeba.”

Vlasis akasogea hatua mbili.

“Meli imechelewa,” akasema.

“Imechelewa?”

“Imechelewa, mfalme.”

Nikiforos akatazama ukutani kwa mwalimu, hakupata msaada, akarudi. “Mimi nilitegemea imezama.”

“Nani kakwambia? Mjumbe ni mimi.”

Kicheko kikapasuka tena, mzee mmoja akatapika divai puani. Nikiforos naye jambo likaanza kumnogea. “Basi, kumbare, upanga huu niufanye nini? Watu wana njaa.”

“Uweke chini. Usife leo.”

“Nisife?”

“Kaa ungoje. Sijaja kwa hilo.”

Hapo ndipo Nikiforos alipomtazama. Si uso, kiuno, kama tunavyotazama wote. Aproni ilikuwepo. Lakini mkono wa kulia wa Vlasis ulikuwa nyuma, umelikamata fundo kama mtu anayeshika mlango usifunguliwe na upepo. Nikiforos akashuka ngazi mbili za kiti chake cha enzi, taji likaegemea sikio moja, na sauti ya kifalme ikamtoka yote.

“Vlasis. Simu imelia?”

“Imelia.”

“Yeye?”

“Meli. Kuna waliookotwa. Majina bado.”

Tuliokuwa karibu tulisikia. Waliokuwa mbali waliambiwa na walio karibu, na kicheko kikazimika mstari kwa mstari kwenda nyuma, kama taa za mtaa. Mwisho kikabaki kicheko cha kiziwi mmoja, kisha naye akatazama pande zote akanyamaza.

Evanthia alisimama, akamwaga dengu zake bila kujua, akapanda jukwaani. Tulidhani atapiga yowe. Akazunguka nyuma ya Vlasis, akashika ncha za kamba ya aproni, akaongeza fundo juu ya fundo, akalikaza mpaka Vlasis akakosa pumzi.

“Hili sasa si lako,” akamwambia. “Ukilifungua kabla majina hayajaja, nitakukata vidole kwa kisu cha Nikiforos.”

“Sawa, kumbara.”

“Na hiyo gilasi nipe.” Akainywa maji yote, akaiweka chini.

Kisha akakaa kwenye kiti cha malkia, kilichokuwa kitupu kwa sababu malkia wa mwalimu alikuwa ameharisha. Nikiforos akarudi kwenye chake. Vlasis akakaa chini katikati yao, uso umeelekea mlango wa mgahawa wake, ambao aliuacha wazi. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Utakwendaje? Mchezo haujaisha, mfalme hajui kama afe au aishi. Mwalimu Leandros alitoka nyuma ya ukuta, akatufikia sisi wazee wa mji, akauliza kwa unyonge kama tuna la kuimba. Hatukuwa nalo. Akakaa nasi. Wakaletwa mikate, jibini na mablanketi, watoto wakalala, watu wakaongea kwa minong'ono mambo ya zeituni, na kila mmoja sikio lake lilikuwa chini, kwenye ukuta, baina ya Mtakatifu Nikolao na kahawa.

Simu ililia kengele za asubuhi ya sikukuu zilipokuwa zinaanza, padri akazishika kwa mkono zisimchanganye Vlasis.

Vlasis alishuka. Tukauona mgongo wake ukiingia, tukaona mlango, kwa muda mrefu tukaona mlango tu. Nikiforos alikuwa amesimama, upanga wa mbao mkononi, na Evanthia alikuwa amemshika shuka. Kisha Vlasis akatoka barazani, na watu mia wakamtazama kiunoni. Aproni ilikuwepo, mafundo yote mawili.

Akaweka viganja mdomoni.

“Evanthia. Mkono tu. Kavunjika mkono. Anaulizia soksi.”

Evanthia alitaka kujibu kuhusu soksi, na hapo ndipo kilio kilipomshinda.

Wawili wa meli ile hawakurudi. Hawakuwa wa kwetu. Huko kwao pia nadhani palikuwa na mtu wa kupanda na gilasi, na siku ya sikukuu padri aliwataja bila kuwajua majina. Nikiforos hakutaka taji tena. Alisema mfalme amekwisha kupata habari zake na hana sababu ya kufa. Mwaka uliofuata mwalimu alimpa mtu mwingine nafasi ya mjumbe, kijana mwenye sauti nzuri, bila aproni, na gilasi. Hakuna aliyelia hata tone. Kila alipotaja kifo watu waligeuka kumtafuta Vlasis kwenye viti, wakaiona aproni, wakaendelea kula dengu. Mwalimu akahamia michezo ya kuchekesha.

Aproni yenyewe bado ipo, imetundikwa pale chini ya simu, na mafundo hayajafunguliwa, maana Vlasis aliivulia kichwani. Watu huja kuitazama. Hata askofu alikuja, kwa gari jeusi, na mashemasi wanne, akapiga magoti hapa hapa kwenye sakafu ya mgahawa, akaomba aichukue kwa ajili ya kanisa kuu, na Vlasis alipomkatalia akaomba japo kipande cha kamba, na kipande hicho nasikia kimekwisha kuponya vipofu watatu na

“Fundi wa simu,” akasema Vlasis nyuma ya bega langu, akipangusa meza. “Alikuwa fundi wa simu, na kamba alitaka afungie ngazi yake. Futa askofu. Na ukishafuta, rudi pale juu: sauti iliyofika kijiji cha pili ilikuwa ya punda wa Evanthia.”