Vitabu Visivyotoka Nje

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maktaba ya mji wa Kajiado, nilikaripiwa kabla sijavua sweta. Nilifika saa tano, nikakuta meza imejaa vitabu vikubwa vimelala ovyo, nami nimelelewa Ukambani na mama asiyeruhusu hata kijiko kulala nje. Nikavibeba, nikavipanga kwenye rafu vizuri, nikasimama kando nikingoja kusifiwa. Mkutubi Mkuu, mwanamume mrefu aliyezungumza polepole kama mtu aliye matangani, akatoka ofisini akaitazama ile meza.

"Nani amesafisha hapa?"

"Ni mimi, bwana."

"Umewaua wasomaji wangu wote wa asubuhi," akasema. "Keti nikufunze kazi."

Nikaketi, machozi yakinilengalenga. Ninyi mliozaliwa na simu mkononi hamjui, kwa hivyo nami nitawafunza. Kitabu cha kawaida mtu akikiazima hupigwa muhuri, na ule muhuri ndio ushahidi kwamba kimesomwa. Lakini kuna vile vizito, historia ya dunia, maisha ya watu mashuhuri, ensaiklopidia za dini, ambavyo tuliviita vya marejeleo. Hivyo havitoki nje ya mlango hata uwe nani, kwa hivyo havipigwi muhuri. Sasa utajuaje kama vinasomwa? Unamwomba msomaji akimaliza akiache kitabu mezani, na jioni mnahesabu vilivyolala hapo. Kisichoonekana mezani kinahesabiwa mfu. Ikifika siku ya kupalilia, yaani kuondoa visivyotumika ili vingine vipate nafasi, hicho ndicho cha kwanza kwenda.

"Meza haina upendeleo," Mkutubi Mkuu alipenda kusema. Nilimwogopa sana, lakini kazi alinifunza. Alinionyesha kusoma namba za mgongoni, dini ikiwa mia mbili na historia mia tisa. Alinifunza kushona jalada lililoachana na kupangusa vumbi la Kajiado, ambalo ukilifuta asubuhi mchana limerudi.

Kutoka hapo nikahamishiwa Ngong. Huko adui hakuwa vumbi, alikuwa ukungu. Kurasa zilishika kuvu, tukawa tunazianika juani kama mahindi. Msimamizi wa Tawi, mama mmoja mwenye maneno makali, alinikuta nimeinamia juzuu za dini nikizipeperusha ukurasa kwa ukurasa.

"Mwende, hivi vitabu vitakuzika."

Nikacheka. Leo sicheki. Mimi ndiye niliyevizika.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kitengela. Chumba cha marejeleo kilikuwa nyuma, na mimi nikawekwa kaunta ya mbele, peke yangu, nikigombana na vijana waliokuja kuchaji simu na kujiita wanafunzi. Wasomaji wa kweli wa kile chumba walikuwa wazee. Makatekista wastaafu, wachungaji wa kanisa na wachungaji wa ng'ombe, watu waliokuja mjini kuuza mbuzi au kutafuta dawa, na kabla ya kurudi nyumbani wakaketi na dunia kidogo.

Kati yao nilimpenda Mzee Kasaine. Alikuwa katekista zamani, kwao Isinya, na alivaa shuka juu ya koti, miwani imefungwa kwa uzi.

"Supa, yieyo," angeniamkua, yieyo maana yake mama, ingawa alinizidi umri kwa mbali.

"Ipa, papa," ningeitikia, nami nikimwita baba.

"Kitabu yangu iko?"

"Iko, papa. Itaenda wapi?"

Kitabu chake kilikuwa juzuu nene ya maisha ya watu wa dunia. Alikuwa akiisoma tangu A, haruki mtu, mwema au muuaji. Akimaliza mmoja alihesabu miaka kwa vidole akatafuta ni rika gani la Wamaasai lililokuwa morani wakati huo. Angekuja kaunta kunipasha habari kana kwamba ametoka kumwona. "Huyu mfalme na babu ya babu yangu ni rika moja. Wangekunywa maziwa pamoja, kama hangekuwa na kiburi hivyo." Siku moja nilimuuliza kwa nini hachoki.

"Rika yangu imeisha, yieyo. Nimebaki mimi pekee. Nyumbani nikiongea hakuna mtu anajua ile ninasema. Hapa niko na watu." Alikuwa amefika P. Alitaka kumaliza kabla Mungu hajamwita.

Tatizo lilikuwa adabu yake. Akimaliza alifunga kitabu, akakipangusa kwa pembe ya shuka, akakirudisha mahali pake hasa. Wazee wote walifanya hivyo. Nilibandika tangazo ukutani, wakalisoma, wakarudisha. Nikamweleza Mzee Kasaine waziwazi kwamba tunahesabu vile vilivyobaki mezani.

Alinitazama kama nimemkosea. "Mtu akikunywa maziwa kwa boma ya wenyewe, anaacha kibuyu chini? Na hiyo mambo ya kuhesabu pia, yieyo, si nzuri. Hata ng'ombe sisi hatuhesabu na kidole."

Nibishane na nani? Mtaniuliza kwa nini sikukitoa kitabu chake mwenyewe nikakiweka mezani. Nilikitoa! Kila alipokuja, jioni nilikitoa rafuni nikakihesabu, kwa sababu kilikuwa kimesomwa na si uongo. Lakini hicho kilikuwa kimoja. Hao wengine wamesoma nini, ningejuaje, na mimi niko mbele nagombana na watu wa chaja?

Basi Mkurugenzi akaja kutoka makao makuu. Kijana, nadhifu, hata matusi hakuwa nayo, la sivyo ningemchukia vizuri. Alitaka nafasi ya kompyuta. Tukaingia kile chumba, na Mzee Kasaine alikuwa ndani. Moyo ukanifurahi, nikasema sasa ataona kwa macho. Mzee alipotuona alisimama. Alidhani wakubwa wamekuja na kikao chao. Akafunga kitabu, akakipangusa, akakirudisha, akatusalimu kwa heshima zote na kutoka.

Mkurugenzi akapitisha mkono juu ya meza. "Mama, unaona? Hapa hakuna mtu anasoma."

"Si huyo alikuwa anasoma!"

"Mtu mmoja, mama. Mzee wa kupumzika."

Nilibishana mpaka sauti ikakauka. Sikufua dafu. Vitabu vikatolewa. Vile ambavyo havikuwahi kupigwa muhuri hata siku moja, siku hiyo vilipigwa, nami ndiye niliyeshika muhuri: KIMEONDOLEWA. Niliona uchungu ambao sikuuona hata nilipomzika mume wangu, Mungu anisamehe. Mzee Kasaine aliporudi akakuta mafundi wanapitisha nyaya.

"Wale watu wa kitabu walikosana na nani?" akauliza.

"Mambo ya ofisi, papa."

Singemwambia kwamba ni ile shuka yake. Ningemwambiaje?

Nilipostaafu niliomba juzuu yake, nikapewa, maana ilikuwa inaenda kuuzwa kama karatasi za kufungia nyama. Nikaipeleka Isinya. Alikuwa amelala nje ya nyumba, amekonda, miwani bado na uzi wake. Nikafungua P. Alisoma mtu mmoja, kidole kikitembea chini ya mistari, midomo ikicheza. Kisha akafunga, akapangusa kwa shuka, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Ashe oleng, yieyo," akanishukuru. "Sasa rudisha mahali yake."

"Ni chako, papa. Kaa nacho umalize."

"Hapana. Hii kitabu haitokangi nje. Si wewe ndio uliniambia? Kuna mtu atakuja kuitafuta akose." Akalala tena. "Wakifungua chumba, niite."

Nililia kutoka Isinya mpaka Kitengela. Kabla ya mvua alizikwa, na sikumwona hapo mtu wa rika lake hata mmoja.

Watu huniuliza kama naona fahari kwa kazi niliyofanya. Sijui. Nilifunzwa kuiamini meza, na meza ilinidanganya maisha yangu yote, kwa sababu watu walionisomea vizuri kabisa ndio walioiacha tupu.

Ile juzuu iko hapa sebuleni. Binti yangu akija kunisalimia huipangusa na kuipanga kabatini, ana adabu, nilimlea hivyo mwenyewe. Namfokea mpaka anashtuka.

"Lakini mama, hii kitabu hakuna mtu anasoma."

"Yuko," namwambia. "Kiache mezani."