Telefone ya Mukendi Yapekuliwa

Mukendi, mtu wa Kasai, alishika simu ya reli pale Kindu miaka kumi na moja bila kukosea neno. Kazi yenyewe ilitaka hivyo: ujumbe wa treni ukisomwa vibaya, anayesikia anausahihisha papo hapo, la sivyo treni mbili zinakutana kwenye reli moja. Na waya ulikuwa mmoja kwa vituo vyote, kwa hiyo siri, ndugu yangu, haikuwepo. Ukipiga chafya Kindu, kituo cha jirani cha Kibombo wanakuombea afya.

Siku moja komisere, mkubwa wa serikali, alichelewa kufika, na watu wa reli waliopangwa kumpokea wakachezeshwa ngoma za kusifu Chama juani tangu asubuhi. Mukendi akarudi ofisini magoti yakimuuma, akamweleza rafiki yake wa Kibombo kwenye simu yote aliyokuwa nayo moyoni. Kesho yake akaja Raia Kasanda, au Sitwayeni kama alivyotaka aitwe, mtu wa usalama. Alikuwa amepashwa habari kwamba kuna mtu ametukana Chama kwenye waya, ila hakujua ni nani.

"Nimekuja kupekua hii telefone."

"Uko na karatasi ya ruhusa, shefu?"

"Ruhusa njo mimi."

Akaagiza ifunguliwe, aone maneno yamewekwa wapi. Humo akakuta nyaya na mende wawili. Basi akaita vituo vyote, nani alisikia? Hakuna aliyesikia. Mukendi akashusha pumzi, maana kazi ikipotea, nyumba ya reli inapotea nayo, na ana watoto sita.

Kasanda akasoma kwa hasira taarifa aliyoletewa: "Huyo mutu alisema, 'Komisere acheze peke yake, sisi tumechoka.'"

"Hapana, shefu," Mukendi akasema. "'Komisere acheze yeye kwanza, magoti yetu si ya Chama.'"

Jamani, mdomo ulishazoea kusahihisha, haukumngoja mwenyewe.

Lakini bila amri ya wakubwa wake, Kasanda hakuweza kumfunga mtu wa reli, na amri iliombwa kwa waya huohuo, kwa kupokezana kituo hadi kituo. Akamwamuru Mukendi atume ombi: Mukendi wa simu akamatwe. Naye, masikini, akasoma neno kwa neno, jina lake likiwemo, bila kosa, kisha akauliza kama wamepokea.

"Kibombo hapa," rafiki yake akajibu. "Murudilie, tafazali. Leo hatusikie kitu."

Kituo cha pili nacho hakikusikia, wala cha tatu. Kufika saa sita mchana Mukendi alikuwa amelisoma ombi hilo mara tisa, na waya mzima ulikuwa kiziwi.